Neno Nililomtupia Kipa Wetu Gitega

Mwanangu, nakumbuka siku moja tulipanda lori kutoka Muyinga kwenda Gitega kuangalia mpira. Timu yetu ilikuwa imefungwa mechi tatu mfululizo, na tukifungwa hiyo ya nne, basi, nane bora tuisahau. Nilikuwa kijana, nimerudi nchini kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania si zamani. Kijijini kwetu Butihinda bado walituita Watanzania. Uwanjani tu ndipo nilipojiona mtu wa Muyinga, ndiyo maana niliipenda timu ile kupita kiasi.

Kipa wetu, Nestori, alikuwa jirani yangu. Yeye hakukimbia vita. Mimi na mama tulipofika na mafurushi yetu, ndiye aliyetuonyesha mipaka ya shamba la marehemu baba. Alikuwa ameilinda miaka yote ile bila kuisogeza hata hatua moja.

Mpaka dakika za mwisho tulikuwa sare, na sare ingetutosha. Ukapigwa mpira mwepesi tu, wa kawaida, ukamponyoka Nestori mikononi ukaingia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli. Uchungu wa mechi zote zile ukanipanda kichwani, nikamfokea:

"Ninyi mliobaki, kazi yenu kuuza wenzenu!"

Wenzangu tuliorudi nao wakapiga makofi. Nestori akageuka, akanitazama, kisha akaenda kuutoa mpira wavuni.

Tulirudi kwa lori lile lile. Kando yangu alikaa Mzee Saidi, fundi cherehani wa Muyinga mjini aliyeishonea timu jezi.

"Mi nilishona jezi ya wote," akaniambia polepole. "Sikuuliza nani alikimbia, nani alibaki. We leo umeuliza, mbele ya watu."



Kesho yake nilikwenda kwa Nestori kuomba radhi. Nilimkuta anapalilia maharage. Akasema mambo ya jana yameisha, akauliza hali ya mama. Lakini hakudaka tena, si mechi iliyofuata wala nyingine yoyote. Tumezeeka tukiwa majirani. Mama alipofariki, Nestori alibeba jeneza pamoja nasi. Ila kuja kwangu, akae, tuzungumze kama zamani, hakuja tena, na mimi nimechoka kumngoja.

Mwanangu, shabikia timu yako, na ikifungwa huzunika. Huzuni hiyo haina dhambi. Lakini hasira ya mpira isikutume kufufua mambo ya vita. Timu itapata msimu mwingine. Mtu uliyemjeruhi kwa neno utakutana naye njiani kila asubuhi, atakusalimia vizuri, na wewe ndiye utakayeshindwa kumtazama usoni.

Mungu akulinde na ulimi wako mwenyewe, akupe majirani wanaoingia kwako bila kubisha hodi mara mbili, na nchi hii isikukimbize kamwe kama ilivyotukimbiza sisi.