Maji ya Kuosha Sufuria

Vitu vyangu vya safari ya kwanza kwenda nyika ya Kishushe vilienea kwenye gunia moja la sukari. Blanketi la marehemu baba, panga, akala za tairi la lori, chumvi iliyofungwa kitambaani, na kibiriti nilichokivingirisha ndani ya kipande cha tyubu ya baiskeli kisije kikalowa. Mdogo wangu wa kike, yule anayenifuata, alishona mikanda miwili kwenye gunia ili nilibebe mgongoni.

"Na maji je, kaka?" akauliza.

Nikamcheka. Kwetu Mwanda mfereji ulipita nyuma ya jiko. Maji hayakuwa mzigo wa mtu kufunga.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipomfuata baba, na tangu hapo nililima na kuwalea wadogo zangu wanne. Mwaka huo mahindi yalikauka yakiwa ya kiunoni. Baba wadogo walikuja, wakakaa, wakanywa chai, na mkubwa wao akasema bila ubaya wowote, "Mwanangu, huwezi. Tuwagawe hawa. Mmoja kwangu, wengine Wundanyi na Taveta." Nilimwomba asubiri hadi mvua za vuli. Nikipata kazi ya kudumu, watoto wasiguswe. Nisipoipata, awachukue. Akakubali.

Kazi niliyoisikia ilikuwa ya kumbebea vitu bwana mmoja mtafuta madini, aliyekuwa na kambi kule chini. Safari ya kwanza ilikuwa ya majaribio: ukifaa unaandikwa, usipofaa unarudi kwenu.

Nyapara alikuwa Mkamba wa makamo, mwembamba, asiyependa kurudia neno. Asubuhi ya kuondoka alinyooshea kidole gunia langu. "Mwaga."

Kila mmoja alimwaga vitu vyake chini, naye akapita akichagua. Kibiriti changu alikigeuza mara mbili, akakirudisha. Kisha akainua viatu vyeusi vya ngozi nilivyovificha ndani ya blanketi.

"Hivi vya nini?"

"Vya kanisani, mzee. Nilidhani Jumapili..."

"Utawahubiria twiga?"

Wote walicheka, hasa Mtaveta mmoja aliyekuwa na neno kwa kila jambo. Viatu vikabaki kambini. Nami nikapewa jiko na maji: mitungi miwili ya lita ishirini, iliyozibwa kwa magunzi ya mahindi. Tulikuwa watu sita, pamoja na bwana. Gari lingetuacha mwisho wa njia, tutembee, na jioni ya siku ya tatu litukute upande wa pili wa vilima. Hapakuwa na mto wala kisima katikati.

Jioni ya kwanza nilipika ugali na maharagwe. Kabla ya kula niliwamiminia wote maji wanawe, kama wageni wanavyomiminiwa kwetu. Waliokuwa na vumbi usoni wakanawa na uso. Baada ya kula niliosha sufuria mara tatu, maana mama alitufundisha hivyo: mara ya kwanza kutoa ukoko, ya pili kutoa mafuta, ya tatu kwa ajili ya atakayekula kesho. Asubuhi niliosha tena vikombe vya chai. Naapa sikuona kwamba natumia maji. Niliona nasafisha vyombo.

Nyapara alipokuja kuinua mitungi tuondoke, wa kwanza ulipanda kwa kidole kimoja. Wa pili ulikuwa umebaki nusu.

"Maji yamekwenda wapi?"

Mtaveta alinisogelea, akaninong'oneza, "Sema umevuja. Gunzi lenyewe limeoza."

Ilikuwa rahisi. Niliwaona wadogo zangu, kila mmoja na kifurushi chake, wakishuka njia tofauti. Lakini nikautazama ule mtungi mtupu. Nikisema unavuja, utaachwa pale porini, na watu sita watabaki na chombo kimoja kwa sababu ya uongo wangu.

"Mtungi ni mzima, mzee," nikasema. "Mimi ndiye niliyeyamaliza. Nimeoshea vyombo."

"Umeoshea vyombo."

"Mara tatu."

"Mtu wa milimani!" akaguna Mtaveta. "Sufuria imekunywa kuliko mimi!"

"Na wewe ulinawa hadi masikio," nyapara akamwambia. "Nilikuona."

Bwana alikunja ramani yake, akasema basi turudi. Kurudi kulimaanisha safari imeharibika, na mimi nimeiharibu. Nyapara aliugonga mtungi mtupu kwa ngumi, akausikiliza.

"Huu ukiwa mzima, hakuna haja ya kurudi," akasema. "Kuna birika la kunyweshea ng'ombe wa ranchi, upande ule. Aliyeosha vyombo na aliyenawa masikio waende, wafuate njia ya mifugo."

Tulikwenda mimi na Mtaveta, na panga, kamba na kile chombo kitupu. Tulifika jua likiwa kichwani, tukakuta ndovu wanakunywa. Tulikaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga, upepo ukitujia usoni, tukawasubiri wanywe bila haraka. Mtaveta hakusema neno muda wote huo. Sijui kama aliwahi kunyamaza hivyo maishani. Walipoondoka tukajaza, nikakata mti, tukautundika mtungi katikati kwa kamba, kila mmoja bega lake. Kila tulipopumzika nililigusa lile gunzi. Halikutoa hata tone.

Tulirudi jua halijazama. Nyapara aliinua mtungi kwa mikono miwili, akautua, kisha akaokota sufuria chafu na kunisukumia. Akachota mchanga na jivu, akanionyesha: unasugua, unapangusa kwa majani makavu, basi. "Maji yatabaki kwako," akasema. "Mwingine asiyashike."

Siku ya tatu tulitembea tangu alfajiri, na jioni gari likatukuta mahali pake. Kambini niliandikwa.

Mvua za vuli zilipokaribia, nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya siku mbili. Baba mdogo alinikuta nyuma ya jiko, nimechuchumaa, nasugua sufuria kwa jivu.

"Kaka amerogwa huko chini," mdogo wangu akamlalamikia. "Mfereji uko hapa hapa, yeye hataki kumwaga hata kikombe!"

Baba mdogo akaniuliza, "Kazi ipo?"

"Ipo, baba."

Akaomba maji ya kunywa. Mdogo wangu alimletea kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Akanywa nusu, akataka kuyamwaga yaliyobaki, kisha akaniona ninavyomwangalia. Akayanywa yote, akarudisha kikombe, na habari ya kuwagawa watoto hakuigusa tena.