Mama Aliyesemwa Kuwa Alikataa

Katika miaka yote aliyofundisha kwenye shamba lile la chai huko Assam, Mwalimu Nirupoma hakuwahi kupata mtoto mwingine kama Phulmoni Munda. Shule ilikuwa ya wachumaji, bati juu, vumbi chini, na Phulmoni wa darasa la tano aliweza kutoa jibu la hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni. Wenzake walimwita Karani.

Mwaka huo Bi Phukan, mjane mwenye mali kutoka Guwahati, alianzisha mfuko wa kusomesha watoto wa mashamba ya chai. Kila mwaka mtoto mmoja angelipiwa shule ya bweni mpaka amalize. Kazi ya kuchagua akakabidhiwa Nirupoma.

Hapakuwa na mtu asiyejua nani atakwenda. Lakini Budhni, mama yake Phulmoni, alikuwa mjane mwenye kifua kibovu, na binti alikosa shule siku mbili kila wiki ili amsaidie kuchuma. Nirupoma akaingiwa na hofu. Huyu, aliwaza, hatamaliza miezi miwili bwenini. Atamkimbilia mama yake, na hao wakubwa watasema watoto wa chai hawafai kusomeshwa. Jhunu, wa pili darasani, alikuwa binti wa msimamizi wa wachumaji. Alikuwa na baba, mama na viatu. Fomu iliuliza: ikiwa mwanafunzi wa kwanza hakuchaguliwa, sababu ni nini? Nirupoma aliandika maneno matatu: "Mama yake amekataa."

Hakumwuliza Budhni. Hata mlangoni kwake hakufika.

Jhunu akaenda, akasoma, akawa muuguzi. Phulmoni akatwikwa kikapu. Kila Nirupoma alipomwona kati ya vichaka vya chai, alijiambia kwamba alitumia busara, na kila alipojiambia hivyo, busara ile ilizidi kupungua. Budhni alipofariki alikwenda msibani, akakaa nyuma kabisa. Phulmoni alimletea chai ya chumvi, kama wanywavyo wachumaji, kwa mikono miwili.

"Mama alikuwa hachoki kukutaja, Mwalimu," alisema. "Alisema ulitupigania, ila bahati haikuwa yetu."

Nirupoma akashika kikombe mpaka kikapoa. Akakirudisha kikiwa kimejaa.

Ikapita miaka mingine saba, akafikia kustaafu. Bi Phukan, sasa mzee wa kutembelea mkongojo, akaja mwenyewe kumuaga. Jhunu alikuja pia, sari yake imenyooka. Uwanja wa shule ulijaa wachumaji. Nirupoma akavishwa shingoni gamosa mpya, kile kitambaa cheupe cha heshima chenye mapindo mekundu, na watoto wakaimba. Kisha Bi Phukan akashika kipaza sauti.

"Si kila mzazi alituelewa," alisema. "Faili ninalo hapa. Mtoto ambaye angekuwa wetu wa kwanza kabisa, tena mwenye akili kuwashinda wote, alikwamishwa na mama yake. Budhni Munda alikataa! Alitaka mikono ya kuchuma majani. Jamani kina mama, tusiwafanyie watoto wetu hivyo."

Miongoni mwa wanawake waliokaa chini, mmoja akasimama. Alikuwa Phulmoni, binti yake kamshika pindo.

"Shikamoo, bibi. Huyo Budhni ni mama yangu. Alikataa lini? Nani alimwuliza?"

"We Phulmoni, kaa chini, usituaibishe mbele ya wageni!" msimamizi, baba yake Jhunu, alifoka.

"Aibu nimeshavishwa mbele ya watu wote, mzee. Nikae nayo chini niifanye nini?"

Bi Phukan akaiangalia karatasi, kisha akamgeukia Nirupoma. "Mwalimu, huu si mwandiko wako?"

Ilikuwa rahisi kwa Nirupoma kusema amesahau, au kwamba Budhni alikataa kwa siri. Budhni alikuwa majivu, nani angebisha? Wazo lile lilimjia kweli, akalikaribisha kwa pumzi mbili tatu, na hilo ndilo lililomtia haya zaidi baadaye kuliko hata uongo wenyewe. Kisha akaivua gamosa shingoni.

"Hakukataa," alisema. "Sikumwuliza. Niliandika uongo."

Jhunu akanong'ona, "Kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa yake?"

Jumapili iliyofuata Nirupoma alikwenda nyumbani kwa Phulmoni. Phulmoni alikuwa akipepeta mchele barazani, hakuuacha.

"Sina cha kujitetea," Nirupoma alisema. "Nilidhani utashindwa."

"Ungedhani mbele ya mama, angekujibu." Akatupa makapi. "Unajua aliuza mbuzi? Alininunulia sanduku la bati na blanketi, kwa sababu darasa zima lilisema ni mimi. Blanketi ndilo tulilomfunika alipokufa."

Nirupoma alilia. Phulmoni akamwacha alie, akaendelea kupepeta.

"Niruhusu nimsomeshe binti yako," Nirupoma alisema mwishowe. "Pensheni yangu inatosha."

"Hapana, Mwalimu. Mwanangu apate kwa akili yake au akose kwa akili yake. Asisome kwa dhambi yako." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini uliandika uongo. Sasa andika ukweli, uingie kwenye faili lilelile. Nami niusome kwanza."

Nirupoma akaandika palepale, karatasi juu ya goti. Phulmoni alisoma kwa kidole, taratibu, miaka mingi bila kitabu imeufanya ulimi wake mzito. Neno moja akalikataa. "Umesema 'kosa'. Kosa ni kumwaga maziwa. Futa." Nirupoma akafuta, akaandika "dhuluma".

Barua ikamfikia Bi Phukan. Jibu lilikuwa fupi: kazi ya kuchagua, ambayo alikuwa bado nayo hata baada ya kustaafu, Nirupoma aiache, na kuanzia hapo hakuna mtoto atakayerukwa kabla mzazi hajaulizwa nyumbani kwake, na mchumaji mwenzake akiwepo kusikia. Wachumaji wakamtuma Phulmoni kwa kazi hiyo. Mwaka wa kwanza binti yake alishika nafasi ya tatu. Aliyekwenda bweni ni mtoto wa jirani ambaye baba yake mlevi alikuwa kweli amekataa, mpaka Phulmoni alipomwendea mara nne na kumwambia hatoki barazani kwake.

Nirupoma alizisikia habari hizo dukani. Alitaka kufurahi, akashindwa. Alibaki kuhesabu milango ambayo yeye mwenyewe hakuigonga. Phulmoni akipita mbele ya nyumba yake humwamkia kwa heshima, kama mwanafunzi anavyomwamkia mwalimu wake. Akikaribishwa ndani hujibu, "Siku nyingine, Mwalimu," na kuendelea na safari yake.