Siku Niliyotaka Kulifagia Ziwa

Nakumbuka, mwanangu, na acha nijicheke kabla hujanicheka wewe: siku moja nilitaka kulifagia ziwa.

Nilikuwa mke mpya, miezi miwili tu Chato, nimetoka Shinyanga kwenye nchi kavu, ambako maji tunayafukua mchangani. Mgeni kuku mweupe, kila mtu anamwona. Nami nilitaka wanione vizuri. Asubuhi nafika ziwani, upepo umelala, maji ya pembeni yamefunikwa utando wa kijani kama mlenda. Nikasema moyoni, watu wa huku wachafu kweli! Nikashika kata. Nikachota ule utando, nikaurundika ufukweni, nikachota tena mpaka jua likanichoma utosi. Sikumuuliza mtu. Ningeulizaje, na mimi najua?

Mama mkwe alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yalimlisha kichanga cha wifi yangu, maana wifi alikuwa mgonjwa, kifua kimekauka. Na ng'ombe wetu wa kienyeji unawajua: ndama asiponyonya kwanza, hupati hata tone. Basi ndama huyo huyo akaja kwenye rundo langu, akalilamba kama pumba. Nageuka, miguu inamtetemeka. Akaanguka.

Nikapiga yowe. Mama mkwe akaja mbio, na yule mama, Mungu amrehemu, alikuwa anasemea puani: "Nnnh! Binti wa Shinyanga! Nani kakutuma uwanyang'anye sato ugali wao?"

"Ugali, mama?"

"Huo huo! Sato wanakula huo, sisi tunakula sato. Ukiurundika hapa unaua mifugo."

Tukamburuta ndama kivulini, tukampa maji ya kisima kidogo kidogo. Bwana mifugo akaja na baiskeli, sauti nzito utadhani kameza ngoma: "Hivyo ni vijidudu, mama. Kimoja kimoja hukioni. Vinakula jua kama majani. Bila hivyo ziwa lina njaa. Ila vikirundikana ni sumu kwa mnyama, na dawa yake sina. Tungoje." Baiskeli yote ile, kuja kutuambia tungoje!

Tukangoja. Kichanga kinalia ndani, na kila kikilia nasikia kinaniita jina. Jua linaanza kushuka, ndama akapiga chafya, akasimama, akayumba kama mlevi wa gongo, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Maziwa yakashuka. Mwanangu, nilikaa pale pale kwenye mavi ya ng'ombe, nikacheka huku nalia.

"Nnnh! Inuka ukamue. Kufagia umeshafagia."

Basi wewe unayekwenda ugenini kesho, ukikuta kitu kinakukera, weka kata chini kwanza. Uliza nani anakula hapo. Usilolijua ni usiku wa giza. Unachokiita uchafu huenda ndicho kinamlisha anayekulisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mama mkwe mkali mwenye huruma, na ndama wako kila akianguka, ainuke.