Alichokuwa Akichana Mke Wangu

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida mke wangu alinisema kwa kuvaa shati nje ndani. Ukienda dukani hivyo, akasema, watadhani huna mke. Nikaligeuza. Tukanywa chai. Kesho yake aliamka hana nguvu, na wiki haikwisha.

Mazikoni alisimama mkuu wa maktaba, suti imembana tumbo, akasoma kwamba marehemu alitunza kila karatasi ya maktaba kwa uaminifu. Nilitamani kumvuta koti akae chini. Miaka yote bosi wake, na anajifanya hajui alikuwa akifanya nini. Mke wangu hakutunza karatasi. Aliziharibu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Utaratibu wa karatasi ulitundikwa ukutani mwa maktaba, ndani ya kioo, na sahihi ya mkuu huyo huyo chini. Hesabu za ofisi zikae miaka kadhaa. Barua za malalamiko zikae mpaka zijibiwe, maana yake milele. Lakini kikaratasi cha kuazimia, chenye jina la msomaji na la kitabu, kiharibiwe siku kitabu kinaporudi. Wenzake walivirundika kwenye maboksi wakisubiri nafasi. Nafasi ya kupiga soga waliipata. Mke wangu alivichana vyake, akaviloweka kwenye ndoo ya deki mpaka vikawa uji, akavifinyanga madonge. Yalipokauka tuliwashia jiko. Wakamwita Mama Uji.

Siku moja akaingia mwenye kiwanda cha mbao, yule aliyetoa viti vya maktaba na kuandikisha jina lake kwenye kila mgongo wa kiti. Mkewe alikuwa akija kuazima vitabu, na nyumbani alikuwa ameanza kumjibu. Bwana akataka kujua anasoma nini. Mtaa mzima ulijua alivyo mwepesi wa kupiga.

Mkuu akampokea kwa tabasamu la mtoto aliyeletewa pipi. Akaagiza vikaratasi vya yule mama vitolewe. Akaambiwa vimekwisha kuwa madonge. Basi sema kwa mdomo, akamwambia mke wangu, si wewe uliyekuwa ukimpa? Mke wangu akamwonyesha ule utaratibu ukutani. Mkuu akasema ule ni wa kuonyesha wakaguzi, na asiyetaka kuwasaidia wafadhili atasaidia chooni.

Na kweli alimpeleka chooni, akadeki mpaka akastaafu. Nilimuuliza kama anajuta, akanicheka. Yule mama alipata muda wa kujipanga, akaondoka kwa mumewe salama na watoto wake. Alisoma nini sijui mpaka leo. Hata mimi sikuambiwa.

Hayo hayakusomwa mazikoni. Wala hakikusomwa alichosema mke wangu siku ile, pale bwana wa mbao alipomwinamia mezani, sauti chini, akitaka kuambiwa mkewe anasoma nini. Alimjibu, maktaba nzima ikasikia:

"Kamuulize mwenyewe, bwana. Si mnalala kitanda kimoja?"