Mkata Michembe wa Samuye

Samuye kuna wanawake wanaojua kukata michembe, halafu kuna Mageni. Mpe kiazi kitamu na kisu uone: vipande vinamdondoka mkononi vyembamba hata mwanga unapenya, na yeye wala hatazami, anapiga soga zake na majirani. Vikishakauka juu ya miamba nyuma ya nyumba, wanunuzi wanavifuata hata kutoka Geita, maana Msukuma aliyekwenda kuchimba dhahabu hana kifungua kinywa kingine anachokiheshimu. Mumewe Boaz, mfuga ng'ombe, ana miaka ishirini na sita ndani ya ndoa hiyo, na bado akipita karibu yake wakati wa kukata husimama kidogo akatazama. Ila jambo lililomfanya amwone mkewe kama mtu mpya kabisa lilianzia zahanati, mwaka jana.

Mama yake Mageni alikufa kwa kisukari kule Kishapu. Walianza kumkata kidole cha mguu, kisha unyayo, kisha mguu mpaka gotini, na Mageni ndiye aliyemwosha na kumgeuza kitandani hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo mwezi wa nne, nesi Noela alipomtoboa kidole asubuhi kabla hajala, akasoma sukari sita nukta sita, Mageni ilibidi ashike meza.

"Mama, bado hujaumwa," Noela alimwambia. "Lakini upo mlangoni. Ukipunguza vyakula vya wanga unaweza kurudi nyuma. Ugali, wali, viazi, soda, chai ya sukari, punguza sana. Shiba mboga, samaki, nyama, mayai, maziwa ya mgando."

Mageni akafika nyumbani akatangaza: "Baba Makoye, mimi na chakula basi."

"Basi? Utaishi kwa upepo?"

Msimcheke Boaz. Chakula kwa Msukuma ni ugali. Kula wali, kula ndizi, maliza mbuzi mzima, kama hukumega ugali utalala unasema hujala. Isitoshe aliona haya, majirani wasije wakasema mwenye ng'ombe wote wale anamnyima mkewe. Mageni hakujali. Mchana alisonga, jioni alisonga, akapakua mlima wa ugali, akamsogezea mumewe, kisha yeye akavuta bakuli lake la mlenda na dagaa. Miezi mitatu, jamani! Kwaresima ni siku arobaini tu, na watu tunanung'unika kuanzia Jumatano ya Majivu.

Mwezi wa saba wakarudi kupima. Sita nukta tisa.

"Mayu wane!" Mageni alimlilia mama yake kwa Kisukuma, palepale mbele za watu.

Boaz akapandwa na hasira. "Nesi, mashine yako mbovu! Huyu hajatia chakula mdomoni tangu mwezi wa nne, na shahidi ni mimi!"

Noela hakubishana naye. Alivuta kiti akakaa karibu na Mageni. "Mama, nitajie vyote vilivyopita mdomoni jana. Hata kidogo."

"Jana sikula kitu. Asubuhi michembe tu, na maziwa."

"Mchana?"

"Mlenda na samaki. Shambani nilikuwa na matobolwa mfukoni, vile viazi tunavyochemsha kwanza ndiyo tunakausha. Na jioni nilikuwa nakata michembe mingine, si unajua, unaonjaonja. Lakini chakula, Mungu ananiona, sijagusa."

Noela ni Mhaya. Alitaka kucheka, akajizuia. "Mama, kwetu Bukoba mtu anamaliza sahani mbili za wali, halafu kwa kuwa hajaona ndizi, anakwenda kulala akisema ameshinda njaa. Kwa hiyo nakuelewa kabisa. Lakini michembe ni viazi. Jua limetoa maji tu, wanga wote umebaki humo."

Boaz akamtazama mkewe usoni, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma. Ugali ulikuwa chakula cha nyumba nzima. Michembe ilikuwa yake, kazi yake na utamu wake tangu anatambaa.

Na msimu ndio ulikuwa umekolea, viazi vimejaa uani. Angeweza kumwachia kazi mtu mwingine, nani angemlaumu? Hakuachia. Alikata kutwa nzima, alichemsha matobolwa yakanukia mpaka kwa jirani, na hakuonja. Boaz aliuona ule mkono. Ulikuwa unanyanyuka wenyewe na kipande, unafika kidevuni, unasimama, kisha unashuka. Mara ya kwanza alidhani anafukuza nzi. Alipoelewa, alihesabu mpaka mara kumi na nne, akashindwa kuendelea kutazama, akaenda zizini.

Kesho yake akajisemea, mimi si mwanaume? Acha nami nijaribu, siku moja tu, kimyakimya. Asubuhi akanywa maziwa. Mchana akala nyama na mboga, akasema kumbe rahisi. Saa kumi na moja jioni alijikuta jikoni, mtu mzima na mvi zake, ameinamia sufuria anakwangua ukoko wa ugali kwa kucha. Loo, aibu aliiona! Lakini juu ya aibu kikaja kitu kingine, kama kile kinachomshika kanisani watu wote wanaponyamaza kwa pamoja. Miaka ishirini na sita anaishi na mwanamke huyu. Kumbe ni nani? Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na Boaz alikuwa amekaa karibu na muundaji bila kumwona.

Mwezi wa kumi walikwenda kupima tena. Boaz alikataa kuketi. Noela akasoma, akafuta macho, akasoma tena, akamgeuzia Mageni mashine aone mwenyewe: tano nukta tatu.

"Umetoka mlangoni, mama. Endelea hivyohivyo, na usiache kuja kupima."

Boaz alivua kofia, hakujua hata amemvulia nani. Njiani alitembea nyuma ya mkewe, kitu ambacho hakijawahi kutokea, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mama Makoye, niambie siri. Mimi nilijaribu siku moja, nikashindwa. Wewe uliwezaje?"

"Hakuna siri. Nilikuwa naogopa."

"Lini? Mbona sikuwahi kukuona unaogopa?"

"Kila siku, Baba Makoye. Na kesho nitaogopa tena," Mageni alisema bila kugeuka. "Twende, ng'ombe hawajanyweshwa."