Padre Aliyetuachia Jina

“Kwani baba yako ni Mwitaliano?” Karani wa uhamiaji aliponiuliza hivyo mara ya tatu, niligonga meza yake hadi kalamu zikaruka. Jina langu la ukoo ni Bertolini na cheti changu cha kuzaliwa kimetoka Uvira, Kongo, basi kwake mimi ni mwongo, na mwanangu Neema, niliyemwombea kibali aje kuishi nami, abaki huko huko.

Nikakumbuka alasiri moja utotoni. Koko, mama yake baba, alikuwa akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, moshi wa mawese ukiniwasha macho, nami nikitafuta pua ya kizungu kwenye kioo. Padre mzungu wa kwenye picha iliyotundikwa ukutani kwetu alikuwa na jina letu, kwa hiyo nilidhani ndiye babu yangu.

“We mtoto! Babu yako alikuwa mweusi kuliko sufuria hii,” Koko alicheka. “Padre alinibeba kwa pikipiki uchungu uliponishika. Baba yako akazaliwa mzima. Sasa ningempa jina la nani?”

Siku ile nilijivunia. Leo, hapa Stockholm, nani atakiamini kicheko cha Koko?

Niliandika malalamiko nikayakabidhi dirishani: “Napinga kukataliwa kwa mwanangu. Jina langu si la uongo. Karatasi ya kuthibitisha sina, na waliojua wote wamekufa.”