Malipo ya Kukaa Kimya

Siku ile ya Geita naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani nasahau nilikoiweka. Nilikuwa kijana mpiga ngoma, maringo mengi, akili kidogo. Kikundi chetu cha Bagika kilitoka Ushirombo kwenda kwenye tamasha la utamaduni. Tulipofika tukaambiwa fedha za wafadhili wamepewa Bagalu, mahasimu wetu wa miaka yote, na jukwaa ni lao. Sisi hata nauli ya kurudi hatukuwa nayo.

Kiongozi wetu, Mama Kabula, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini, hakubishana na mtu. Alitupanga nje ya uzio wa tamasha, jirani na wachoma nyama, akasema, "Anzeni." Unajua ngoma ya kwetu haina jaji. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na kinachozungukwa na watu wengi ndicho kilichoshinda. Basi watu wakaanza kutoka getini mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mpaka walinzi nao wakawa upande wetu wakitikisa vichwa.

Mgeni rasmi alipokaribia kuhutubia, katibu wa kamati akatujia anatokwa jasho, bahasha mkononi.

"Shikamoo, mama. Tunaomba mnyamaze mpaka shughuli iishe. Hii itawafikisha nyumbani."

"Marahaba," akajibu Mama Kabula, akasita. Mimi ndiye niliyemsihi apokee. Kulipwa kwa kutofanya kazi niliona ndicho kipaji changu halisi. Akapokea. Tukaweka ngoma chini, tukatoa michembe yetu, tukaanza kutafuna.

Lakini watu hawakuondoka. Ukiwapa Bagika kisogo, umewapa Bagalu ushindi, na mashabiki wetu hawakuwa tayari kwa aibu hiyo. Wakasimama wanatutazama tukitafuna viazi vikavu. Mzee mmoja alisifu namna ninavyotafuna. Kule ndani mgeni rasmi alikuwa anavihutubia viti.

Bagalu wakashindwa kuvumilia. Kushindwa na wacheza ngoma wangeweza kumeza, ila si kushindwa na watu wanaokula. Wakashuka jukwaani wote na mavazi yao mapya ya wafadhili, wakaja kucheza mbele yetu kabisa. Kiongozi wao alinengua karibu na pua yangu. Nikashika mikwiro ya ngoma.

"Weka chini," akasema Mama Kabula. "Ukimya wako umeshanunuliwa, baba. Si wewe uliyesema nipokee?"

Nikaona duara letu linapungua, watu wanahamia kwa Bagalu, nasi tumekaa tu kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Sikufichi, machozi yalinitoka.

"Mama, turudishe hiyo bahasha."

"Na nyumbani tutafikaje?"

"Nitatembea."

Akanitazama kidogo, kisha akanipa. "Irudishe mwenyewe, mbele ya watu."

Nikapita katikati ya viti vitupu mpaka jukwaani, nikamkabidhi katibu. Mgeni rasmi akadhani ni mchango, akanishukuru kwenye kipaza sauti. Nikarudi mbio, nikapiga ngoma mpaka mabega yakafa ganzi. Tulishindwa. Bagalu walikuwa wameshawachukua watu wengi mno. Lakini tulishindwa tukiwa tunapiga, na usingizi wa kushindwa namna hiyo hauna uchungu. Mwenye lori mmoja akatubeba kwa makubaliano ya kumpalilia mpunga wake, tukaupalilia kwa nyimbo, naye akataka turudi msimu uliofuata.

Sasa nasikia kikundi chako mnapiga muziki nje ya uzio wa tamasha la mwaka huu, na kamati imetuma mjumbe. Mwanangu, wakiwapa pesa ya kununua spika, pokeeni na mshukuru, hakuna aibu. Nafasi ya jukwaani iombeni kila mwaka, wakikataa ombeni tena. Ila pesa ya kuzima spika mwachieni aliyeileta, kwa sababu siku mkikaa kimya mtu mwingine atakuja kucheza mbele yenu, nanyi mtakuwa hamna ruhusa hata ya kumjibu.

Mungu awape mikono isiyochoka, majirani wavumilivu, na watu wa kuwazunguka hata siku ambayo hamlipwi.